Vyeti Ndani ya Gorfa

Wifi yangu Abiba si mtu wa kutishika ovyo. Huko kijijini Korbesa aliwahi kumfukuza fisi zizini akiwa na mwiko mkononi, na mume wake alipofariki alifunga leso kiunoni akachunga mbuzi mwenyewe, wanaume wakimcheka mpaka wakachoka. Lakini Isiolo mjini alipaogopa kweli. Na aliyemtia hofu hiyo ni mimi, kwa hiyo niacheni niseme yote, hata yale yanayoniaibisha.

Naitwa Sirad. Nauza maziwa ya ngamia Bulla Pesa, na mume wangu Ganya ni mdogo wake Abiba. Tunakaa kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vya mabati, geti moja, choo kimoja, na bafu moja ambalo mlango wake ni gunia. Wiki hiyo Ganya alikuwa Garba Tulla akinunua mbuzi, kwa hiyo nilikuwa peke yangu.

Ilikuwa miaka ile kaunti ilipoanza kuajiri walimu wa chekechea. Khadra, binti wa pekee wa Abiba, alikuwa amefundisha watoto wa Korbesa miaka minne chini ya paa la makuti yaliyooza, akilipwa maziwa, na mara nyingi akilipwa shukrani tu. Aliomba kazi, na jina lake likatoka kwenye orodha. Ilibaki jambo moja: vyeti vyake halisi vifike ofisini Isiolo vikaguliwe, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Asiyeleta, nafasi yake anapewa anayemfuata.

Khadra alikuwa amejifungua Jumamosi. Kwetu aliyejifungua hatoki nje mpaka arobaini iishe, na hata kama angetaka kutoka, alikuwa bado hawezi kukaa vizuri, sembuse kurushwa na barabara ya Merti siku nzima. Chifu akaandika barua kwamba mama yake atamwakilisha. Ndipo Abiba akanipigia simu.

Mimi nina mdomo. Ningemwambia tu, "Karibu, nitakupokea steji," mambo yangekuwa tofauti. Badala yake nilimpa mafunzo. Nilimwambia simu haishikwi barabarani, watu wa pikipiki wanaipokonya wakipita. Nilimwambia akiona mtu ameangusha bahasha ya pesa mbele yake asiiname, hata kidogo. Mtu akimwita shangazi na kumtajia ukoo wake vizuri, ajue huyo ameuliza kwa mtu mwingine. Chai ya mtu asiyemjua asinywe. Nilimsimulia habari ya jirani yangu aliyeibiwa godoro akiwa amelilalia, jambo ambalo hata mimi sikuliamini niliposimuliwa.

"Sasa vyeti niviweke wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Popote. Lakini usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie! Hizi nyumba zetu ni mabati, ukisema neno jirani amelisikia."

Nilijiona mjanja sana.

Alifika Alhamisi alasiri. Nilimkuta steji amesimama katikati ya watu, mgongo ameuegemeza kwenye lori lililoegeshwa, macho yanazunguka. Mfuko wa kitambaa alikuwa ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Begani alikuwa amening'iniza gorfa, kile chombo chetu cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi, chenye kifuniko na mkanda wa ngozi. Kijana mmoja wa mizigo alikuwa amesimama mbali kidogo akisugua mkono wake.

"Salaam aleikum, dada," nilimwambia. "Huyu amekufanya nini?"

"Aliushika mfuko. Nikamng'ata."

"Mimi nataka kumsaidia tu!" kijana akalalamika. "Mama yako ako na meno kama ya mbwa!"

Nilicheka, lakini Abiba hakucheka. Kijana nikampa kitu kidogo tukaondoka. Tulipita katikati ya soko, penye vibanda vya viatu na nguo, watu wakitugonga mabega, pikipiki zikipiga honi nyuma ya visigino vyetu. Kila aliyetugusa Abiba alimgeukia. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Nikasikia akisoma aya chini kwa chini, neno kwa neno.

Tulipofika nyumbani akaweka mfuko chini, na papo hapo tukaona. Ulikuwa umechanwa kwa wembe upande wa chini, mpasuko wa urefu wa kiganja, safi kabisa. Nyirinyiri aliyotuletea, nyama nzuri iliyokaangwa kwa samli, ilikuwa imekwenda.

Nikashika kichwa. "Vyeti!"

"Vyeti vipo," alisema. Na hapo nikaona tabasamu la kwanza tangu afike. "Nyama wale. Mungu awape afya."

Sikumwuliza vipo wapi. Nilikuwa nimemkataza mwenyewe asiniambie, na nilikuwa na uhakika kwamba vimo ndani ya huo mfuko, vimeshonewa kwenye bitana. Kwa maana usiku ule Abiba hakuuachia. Alikula ameuweka mapajani. Alikwenda chooni nao. Mimi ndiye mwenye nyumba, nimemtandikia kitanda changu, nimemchinjia kuku, naye ananitazama kila nikipita karibu na huo mfuko! Niliumia. Sikumwambia, lakini niliumia, na nilipolala nilikuwa nimenuna.

Asubuhi niliamka adhana ikiita. Hasira ilikuwa imepungua na aibu imeanza, kwamba mgeni wangu ni mtu mzima, amesafiri kwa ajili ya mwanawe, nami nanuna kama mtoto. Abiba aliamka akatoka kwenda kutawadha, mfuko kwapani. Gorfa akaiacha pale kichwani alipokuwa amelala.

Nikaitazama ile gorfa. Anayejua mambo yetu anajua. Mwanamke akija kwako na gorfa tupu, na nyumbani kwake kuna aliyejifungua, humrudishi nayo tupu. Hahitaji kuomba. Unaifukiza, unaijaza, unampa. Na mimi ni muuza maziwa! Gari la maziwa lilikuwa linafika wakati wowote. Nikasema moyoni, huyu wifi yangu nitamfurahisha kabla hajaenda ofisini, tumalize huku kununiana.

Kufukiza chombo nimefanya tangu nikiwa na miaka saba. Hutazami. Unachukua vijiti vya mti wa ejersa vilivyoshika moto vizuri, unavitumbukiza ndani, unafunika, unatikisa, moshi unaingia kwenye kila uwazi wa ususi, na maziwa yakikaa humo hayaharibiki upesi. Gorfa ndani ni nyeusi siku zote, na chumba kilikuwa bado na giza. Niliinua kifuniko, nikatumbukiza moto, nikafunika, nikaanza kutikisa.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Ejersa ina harufu tamu, hata mtoto mchanga hulala vizuri akiisikia. Hii ilikuwa harufu ya daftari linaloungua.

Nilifungua. Moshi ukanipiga usoni na ulimi wa moto ukapanda. Niliingiza mkono mle ndani bila kufikiri, nikashika, nikavuta, nikapiga sakafuni, nikamwaga maji ya birika. Vidole vyangu viwili mpaka leo havina alama za mikunjo kwenye ncha.

Zilikuwa karatasi tatu. Alikuwa amezikunja kwa mduara akazibandika kwenye ukuta wa ndani wa gorfa, vizuri, kwa uangalifu, ili hata mtu akifungua aone chombo kitupu; ule mfuko aliukumbatia kuwapoteza wezi tu. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimegeuka rangi tu. Cha sekondari kilikuwa kimeungua pembe moja. Cha ualimu wa chekechea kilikuwa na mhuri chini na nembo juu, na katikati, mahali pa jina na namba, palikuwa na tundu ambalo mkono wangu ungepita.

Nilikaa chini. Nilisikia ndara za Abiba zikirudi uani.

Sijui watu wengine hufanya nini wakati kama huo. Mimi nilisukuma gorfa nyuma ya mitungi ya maziwa, nikazisokota karatasi ndani ya kitambaa cha kuchujia maziwa, nikaziweka nyuma ya jiko. Aliingia akasema, "Leo umewasha mapema," akatandika mkeka, akasali. Nilimtazama mgongo wake ukiinama na kuinuka. Nilijiambia nitamwambia akimaliza. Alipotoa salamu kulia na kushoto nikajiambia, akimaliza dua.

Alimaliza dua. Akageuka. "Gorfa yangu iko wapi?"

Na mimi nikasema, "Nilitoka mara moja kutazama gari la maziwa. Mlango niliuacha wazi."

Ni hayo tu niliyosema. Sikutaja mwizi. Lakini hakukuwa na haja, kwa sababu mwizi nilikuwa nimemjenga kwenye simu wiki nzima, na sasa aliingia mwenyewe akakaa. Abiba aliruka kutoka mkekani. Alipapasa kitanda, akainua mto, akainua godoro. Kisha akapiga ukelele ambao nilifikiri mabati yatapasuka.

"Vyeti vya Khadra! Vilikuwa ndani! Wezi! Wezi wameniua!"

"Vilikuwa ndani ya gorfa?" niliuliza. Nilijifanya kushangaa. Ndiyo, nilijifanya.

Ploti nzima ilitoka. Kiogora, Mmeru anayemkusanyia mwenye ploti kodi, alikuja na mswaki mdomoni. Alipoelezwa alikwenda moja kwa moja kwenye geti akalifunga. "Hakuna mtu natoka," alisema. "Tutaangalia nyumba kwa nyumba." Abiba alikuwa ameketi kwenye vumbi amejishika kichwa, akisema saa sita, saa sita, leo saa sita. Wanawake walimzunguka. Mmoja alisema wiki iliyopita simu yake ilipotea hivyo hivyo. Mwingine akasema yeye aliibiwa sufuria. Nilisimama mlangoni kwangu nikisikia wizi unavyokua.

Ndipo geti likagongwa kutoka nje. Kiogora akafungua kidogo, akachungulia, akafungua zaidi. Alikuwa Ekitela, jirani yetu wa chumba cha mwisho. Ekitela ni mlinzi wa duka huko Wabera, hurudi asubuhi watu wakiamka. Alikuwa na koti lake refu na rungu, na begani gunia dogo limefungwa kamba.

"Kuna nini?" aliuliza.

Watu walisogea karibu. Walikuwa wanatazama gunia.

"Wewe umetoka hapa saa ngapi?" Kiogora akauliza.

"Sijatoka hapa. Natoka kazi."

"Fungua gunia."

Ekitela aliwatazama mmoja mmoja. Ana miaka sita kwenye ploti ile. Mvua ikinyesha huja kuniinulia mitungi ya maziwa bila kuitwa. "Kufungua, sifungui," alisema taratibu. "Mimi si mwizi."

"Kama si wewe, unaficha nini?" sauti ikatoka nyuma. Mtu mwingine akasema ndiye, ndiye huyo. Kiogora alikuwa tayari amemshika kola. Nikaona mwanamume mmoja, mtu mpole, fundi wa viatu, akiinama kuokota jiwe. Hakulirusha. Alilishika tu, akilipima uzito. Bulla Pesa nimeona jiwe la kwanza likirushwa, na nimeona kinachobaki baadaye. Nilitaka kusema, na ulimi ulikuwa mzito, na nilijua nikichelewa kwa pumzi mbili tu nitakuwa nimeua mtu kwa sababu ya aibu ya kuunguza karatasi.

"Muacheni!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Ni mimi nimevichoma!"

Hawakunielewa. Nilikimbilia ndani, nikavuta gorfa, nikatoa zile karatasi kwenye kitambaa, nikatoka nimeziinua juu ya kichwa. Nilieleza nikilia, vibaya, nikianzia mwisho. Kwamba nilitaka kumwekea mgeni maziwa. Kwamba sikutazama. Kwamba hakuna aliyeingia. Jiwe likawekwa chini. Kiogora akaachia kola, akaisawazisha kwa vidole, akasema, "Pole, mzee," kisha akaanza kupiga mswaki tena kwa sababu hakujua afanye nini.

Ekitela hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mama Maziwa," alisema, "usiku mzima nachunga mali ya watu. Asubuhi nakuja kulala, nakuwa mwizi. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua," nilisema.

Akapita katikati yetu na gunia lake. Hakuna aliyemwuliza lina nini, na mpaka leo sijui.

Abiba aliinuka. Nilitarajia anipige. Ningefurahi kama angenipiga. Alinipokonya karatasi polepole, asizivunje, akazipangusa kwa leso yake. Akaweka kidole kwenye lile tundu. Hajui kusoma, lakini mahali jina la mwanawe lilipoandikwa alikuwa anapajua, maana Khadra alikuwa amemwonyesha mara nyingi.

"Twende," alisema. "Labda wataona."

Tulikuwa ofisini kabla haijafunguliwa. Tulipanga foleni. Njia nzima mfuko wake uliochanwa aliuning'iniza tu begani, wazi, mwenye kumgusa amguse. Sikuwahi kuona mtu ameacha kuogopa kwa namna mbaya kama ile. Zamu yetu ilifika saa nne na nusu. Binti aliyekaa mezani alikuwa mpole, Mungu ambariki, na upole wake ndio uliotumaliza. Alizigeuza karatasi, akaziinua kwenye mwanga, akaenda kumwonyesha mkubwa wake, akarudi.

"Mama, hapa jina hakuna. Namba pia hakuna," alisema. "Hiki cheti kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Itabidi waliokitoa waandike kingine."

"Waliokitoa wako wapi?" Abiba aliuliza.

"Nairobi. Inachukua kama mwezi."

"Na leo?"

Binti alitazama saa ya ukutani. "Leo ni mpaka saa sita, mama. Pole sana."

Niliomba. Nilisema kosa ni langu, nilionyesha vidole vyangu, nilisema nitaapa mbele ya kadhi. Alisikiliza yote. Kisha akachukua orodha, na mbele yetu, kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja. Nyuma yetu foleni ilisogea.

Nje tuliketi kwenye ukingo wa simiti karibu na geti. Abiba alitoa simu, pale pale barabarani, pikipiki zikipita. Hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo huweka sauti kubwa. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno, kwamba nitamwomba Khadra msamaha, kwamba nitakwenda Nairobi mwenyewe kufuatilia cheti kipya, hata kama kazi imekwisha. Nilinyoosha mkono nichukue simu.

Abiba alinishika kifundo cha mkono akakibana. Simu ikapokelewa.

"Mama? Wamevichukua? Wamesemaje?"

"Khadra," alisema Abiba. "Nimeibiwa."

Tulimsikia mtoto mchanga akilia kidogo, kisha akinyamazishwa.

"Vyote?"

"Vyote. Wezi wa Isiolo. Sokoni."

Nilitikisa kichwa. Nilijaribu kusema, naye akazidi kunibana, kucha zikaniingia, bila kunitazama. Alikuwa anatazama barabara. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Khadra alivuta pumzi. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifuta uso. "Wewe hawakukuumiza?"

"Hapana."

"Basi alhamdulillahi. Karatasi ni karatasi. Anti Sirad yuko hapo?"

"Yuko."

"Nipe niongee naye."

Abiba akaniachia mkono, akanipa simu. Niliishika kwa vidole vilivyofungwa kitambaa.

"Anti," alisema Khadra, "Mama alikuwa anaogopa sana kuja. Nilimwambia kwako atakuwa salama. Mungu akulipe kwa kumtunza."

Abiba alikuwa ananitazama sasa, akingoja.

Nikaitikia amina.